Moshi Chumbani kwa Mzazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayetupa pumzi kabla hatujajua kuiomba. Namshukuru hasa kwa pumzi ya mjukuu wangu.

Siku ile vijana na polisi walikuwa wanavutana tangu asubuhi karibu na foleni ya malori ya mpakani. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa bado ndani ya arobaini, na chumba cha mzazi kwetu hufungwa ili baridi ya Tunduma isimpate mtoto. Mabomu ya machozi yalipoanza kulia, mke wangu akazidi kuziba: blanketi dirishani, kanga chini ya mlango. Hakujua kuwa bomu moja limeangukia uani na moshi umeshaingia. Akaufungia ndani.

Nikiwa sebuleni nilisikia mtoto anakohoa. Kisha nikasikia kimya. Nikagonga mlango.

"Baba, usiingie, sijajisitiri!" mkwe wangu alilia.

"Jifunike blanketi, mama. Naingia."

Kwetu baba mkwe haingii chumba cha mzazi. Niliingia nimefumba macho, na hata ningeyafumbua nisingeona kitu. Mimi na mke wangu tukamtoa mtoto na mama yake hadi barazani, upande upepo unakotoka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mke wangu alimpepea huku akisoma dua. Halafu mtoto akalia, nami nikasujudu palepale vumbini.

Askari kijana alikuwa anapita, macho mekundu kama yetu. "Shikamoo mzee. Poleni. Ule moshi hauui."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umtazame huyu, kisha uniambie tena."

Alimtazama, akavua kofia. Alitupatia chupa yake ya maji, na mimi nikamhurumia, maana naye alikuwa ametumwa.

Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, aliniambia kuwa mataifa yamekubaliana moshi ule usitumike vitani, hata kwa adui. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Najua risasi ingekuwa mbaya zaidi, na mawe ya vijana yalihitaji kuzuiwa. Lakini anayesema silaha haiui humfikiria mtu mzima, mwenye kifua kizima, aliyesimama mahali pa wazi na anayeweza kukimbia. Mtoto wa arobaini hakimbii.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie pumzi yako na ya wanao, na ukipewa nguvu juu ya wengine, akujalie kwanza kuwaona.