Marahaba ya Kitanda cha Tatu

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza nilifika hospitali kabla wafagiaji hawajamaliza korido, nimevaa viatu vya kuazima, natabasamu peke yangu hadi mlinzi akaniuliza kama nimekuja kuchukua mtoto mchanga. Nilikuwa muuguzi aliyetoka chuo, lakini kuanzia siku ile nilikuwa muuguzi wa utafiti. Nilipewa fulana ya bluu, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na kishikwambi chenye kava la mpira. Nikampigia mama simu kule Mlimba. Akauliza utafiti ni kazi gani hasa, nikamweleza ni kuuliza watu maswali na kuandika majibu.

"Wewe hiyo kazi uliianza ukiwa na miaka mitatu," akasema. "Leo ndiyo wamekupa fulana."

Utafiti wenyewe ulihusu watu walioumia kichwa. Huku bondeni pikipiki ndiyo kila kitu. Inabeba mpunga, mbuzi, mama mjamzito na kitanda cha futi sita, na mvua zikinyesha inabeba vyote hivyo juu ya tope. Kwa hiyo inaanguka. Na mtu aliyegonga kichwa ana jambo moja la kutisha: anaweza kuletwa akiwa anatembea, anaongea, anaulizia uji, kumbe ndani ya fuvu damu inavuja polepole na kuukandamiza ubongo. Baada ya saa chache anazima. Madaktari walitaka kujua kama muuguzi akimpima majeruhi kila saa kwa fomu fupi, je, anayezidiwa atagundulika mapema, wakati bado kuna la kufanya. Anafungua macho? Anajielewa? Ukimwambia akushike mkono, anaushika? Basi, fomu nzima ilikuwa hiyo. Mtu mzima kabisa anapata kumi na tano.

Fomu ilikuja kwa Kiingereza, na sisi tukapewa wiki moja ya kuifanya iongee Kiswahili cha watu. Wiki ile nilicheka hadi mbavu zikauma. Tulikuwa tukiijaribu kwa wagonjwa wenye michubuko midogo. Unamuuliza mtu, "Upo wapi?" naye anakujibu, "Nipo." Unamuuliza, "Leo ni siku gani?" anasema, "Leo mnada." Tulibishana karibu nusu saa kama mnada ni siku ya wiki. Daktari aliyesimamia utafiti, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole na hasira za ghafla, akaamua jibu lipewe alama kwa sababu kweli siku ile ilikuwa ya mnada, na yeye mwenyewe alikuwa na mpango wa kwenda. Halafu kulikuwa na dereva wa bodaboda niliyemuuliza hali yake. Akasema, "Nzuri tu, dada. Ila mguu umevunjika."

Wazee ndio waliotushinda. Bibi mmoja aliyeteleza kisimani alinitazama juu hadi chini nilipomuuliza leo siku gani, akasema, "Umetokea huko, hata hodi hakuna, unaniuliza siku kama unamuuliza mlevi?" Hapo ndipo nikapata wazo langu. Kwenye kikao nilisimama, nikasema mstari wa kwanza wa fomu uwe huu: msalimie mgonjwa kwanza. Watu walipiga makofi. Daktari akaagiza uingizwe siku ileile. Nilivimba kichwa, sifichi. Jirani zangu wote pale Mlabani nilikopanga walijua kwamba kuna mstari kwenye fomu ya utafiti ambao ni wangu, na aliyekuwa hajasikia nilimsimulia tena akiwa anachota maji.

Basi wiki chache baadaye akaletwa mzee mmoja, mkulima wa Mofu, mtu wa miaka sitini na kidogo. Alikuwa amepakiwa nyuma ya bodaboda na gunia lake, wakateleza kwenye tope karibu na mjini. Dereva alichubuka kiwiko. Mzee aligonga kichwa, akapoteza fahamu kwa muda mfupi, akazinduka. Dereva alimfikisha kwetu asubuhi, kisha akaenda kumtafuta mama mzazi wa yule mzee, ambaye alikuwa akiishi mjini kwa binti yake. Daktari wa zamu alimshona juu ya sikio, akasema alazwe na apimwe kila saa. Wakampa kitanda cha tatu, na kitanda cha tatu kilikuwa changu.

Saa ya kwanza tulipiga soga kabisa. Nilimwamkia, akaitikia, akanieleza habari za mpunga wake, jinsi ndege walivyomsumbua, na jinsi gunia lake lilivyopasuka barabarani na kuku wa watu wakafurahi. Nilimpa kumi na tano kwa moyo mweupe.

Saa ya pili alikuwa amelala. Nikamgusa bega. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kupumzika?"

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

Nikabonyeza: anajielewa. Kumi na tano. Ningepaswa kuendelea hadi lile swali la hapa ni wapi na leo siku gani, lakini jamani, mzee anakuitikia vizuri namna ile, unaanzaje kumuuliza kama anajua yuko wapi? Nilimwonea aibu. Tena nilikuwa na haraka ya kumwonyesha sista wa zamu jinsi mstari wangu unavyofanya kazi. Saa ya tatu ikawa hivyohivyo: shikamoo, marahaba, nzuri, tunamshukuru Mungu. Macho aliyafungua nusu, akayafumba. Nikasema moyoni mzee amechoka na safari. Kumi na tano.

Mama yake alifika kabla ya saa ya nne. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, kitenge kimefungwa imara kiunoni, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaenda kusimama kando ya kitanda cha tatu. Akasimama. Mimi nilidhani anasali, kumbe alikuwa anangoja kuamkiwa. Yule mzee alifungua macho, akamtazama mama yake, akanyamaza.

"Unaendeleaje?" bibi akauliza.

"Nzuri."

Bibi akangoja tena. Wodi nzima ilikuwa imeanza kufuatilia, maana wagonjwa wa mifupa hawana kazi nyingine. Mwishowe akafanya kile ambacho mama yeyote wa huku humfanyia mtoto anayempita bila salamu. Akashika kiuno, akasema kwa sauti, "Haya, shikamoo wewe!"

"Marahaba," mwanawe akaitikia, taratibu kabisa.

Wodi ililipuka. Mgonjwa wa kitanda cha tano alicheka hadi akashika plasta ya mguu wake na kulia kwa maumivu. Sista alijificha nyuma ya mlango wa kabati la dawa. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, niliinama na kishikwambi changu kifuani, machozi yananitoka, nikiwaza jinsi nitakavyomsimulia mama yangu jioni.

Bibi hakucheka. Aligeuka akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mjukuu wangu, huyu si mzima."

"Bibi, amechoka tu. Tumempima, anajielewa."

"Nimemzaa, nimemlea. Ana wajukuu sasa. Hajawahi kuipokea shikamoo yangu, hata kwa utani. Nikimtania namna hii anapiga magoti, anaomba msamaha. Huyu hajui mimi ni nani."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nikainama juu ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu saa ya kwanza nikamuuliza yale maswali yenyewe.

"Baba, hapa ni wapi?"

"Nzuri."

"Leo ni siku gani?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Marahaba."

Nikamwambia anishike mkono kwa nguvu. Vidole vilinigusa, vikalegea. Nilimmulika kwa kurunzi: mboni ya jicho moja ilikuwa imepanuka kuliko mwenzake. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka kiatu kimoja cha kuazima kilibaki chini ya kitanda, na kwamba nilikimbia korido nzima na mguu mmoja peku nikimwita sista kwa jina la mama yangu. Ndani ya dakika chache yule daktari wa utafiti alikuwa pale, kichwa cha mzee kimeinuliwa, oksijeni imewekwa, na kitanda cha magurudumu kinasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji ili fuvu litobolewe na ile damu itolewe. Kwenye mlango daktari aliniuliza, "Saa iliyopita alikuwa na ngapi?"

"Kumi na tano," nikasema. Kisha nikasema ukweli. "Hapana, daktari. Sijui. Nilimsalimia tu. Aliitikia, nikaandika anajielewa. Mara mbili."

Nilingoja zile hasira za ghafla. Alivuta barakoa juu ya pua. "Andika hivyohivyo ulivyosema," akasema. "Usifute kitu." Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi na bibi. Alikuwa anasali rozari kwa Kipogoro, chini kwa chini, na mimi nilikuwa nikiandika maelezo kwenye kishikwambi. Niliogopa. Niliogopa kwamba mzee wa watu atakufa kwa sababu ya mstari ambao nilikuwa nimeutangaza hadi bombani. Bibi alipofika mwisho wa rozari akaniuliza, "Ulimwamkia mara ngapi?"

"Mara tatu, bibi."

"Akaitikia zote?"

"Zote. Vizuri sana."

Akatikisa kichwa, na hapo nikaona mdomo wake unacheza, kati ya kulia na kucheka. "Kosa langu," akasema. "Nilimlea vizuri mno. Mtu anakufa, bado anajibu nzuri."

Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba sista alipopita alitukuta mimi na yule bibi tumeshikana mabega, tunacheka hadi tunakosa pumzi, nje ya chumba ambamo mwanawe alikuwa anatobolewa kichwa. Alitupita, akarudi na maji. Daktari alipotoka, barakoa imening'inia sikioni, alisema damu imetoka, shinikizo limepungua, na kilichobaki ni kungoja aamke. Tena aamke kweli, akasema, akinitazama mimi.

Siku ya pili alifungua macho akayafumba. Hakusema kitu, hata nzuri. Mama yake alikuwa amekaa kando yake tangu asubuhi, hali chochote ila chai. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mstari wangu haufutwi, ila chini yake umeongezwa mwingine kwa herufi nene: salamu si jibu. Wenzangu walikuwa wakiniimbia hayo maneno kila nikipita, nami nilikuwa nikicheka nao, lakini usiku sikulala.

Siku ya tatu niliapa. Nilisema leo sisalimii mtu. Nitamfuata moja kwa moja na maswali, adabu itanisubiri nje. Nilipoingia wodini alikuwa ameegemezwa mto, kichwa kimefungwa bandeji, macho wazi yanafuata nzi kwenye dari. Bibi alikuwa kwenye kigoda, amekaa mkao wa mtu asiyethubutu kutumaini. Niliwapita hatua za haraka, nikasimama mbele ya kitanda, kishikwambi mkononi, nikamkazia macho mtu wa umri wa baba yangu.

"Hapa ni wapi?"

Aliyateremsha macho kutoka kwa nzi hadi kwangu. Alinitazama fulana, akanitazama kitambulisho, akanitazama viatu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, huyu binti ni wa nani? Anaingia kwa watu wazima wamelala, hata kusalimia hajui, anauliza hapa ni wapi. Yeye mwenyewe haoni kwamba ni hospitali?"

Nilipiga ukelele. Sista alikuja mbio na oksijeni akidhani mgonjwa amekata roho, akanikuta naruka, na bibi amefunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Mgonjwa wa kitanda cha tano alikuwa anapiga makofi bila kujua kwa nini. Nilipiga goti pale kwenye sakafu, machozi na kamasi vimechanganyika, nikasema shikamoo kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuutoa kwa mtu yeyote.

Hakuitikia. Alikuwa amenuna, amegeukia ukutani, na katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivyo kwa kunyimwa marahaba.