Mashine Iliyokosa Pumzi

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya udi hunirudisha nyumbani kwetu Rasbura, mjini Lindi, katika Ramadhani moja nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa, na baadhi ya jamaa zetu wa bara walikuwa wameanza kuhamia vijiji vipya. Baba yangu alikuwa maalimu. Asubuhi alitusomesha Kurani barazani, na baada ya adhuhuri aliwafasiria watu wazima. Kitu cha thamani alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, friji kuukuu aliyoachiwa na mwenye duka wa Kihindi aliyehama mji. Kila Ramadhani friji ile iligandisha barafu, na kabla ya magharibi watoto wa mtaa walipanga foleni na mabakuli yao, ili kila nyumba ifuturu kwa maji baridi. Baba alikuwa akisema kwamba Mungu hakumpa mali ya kutolea sadaka, lakini amempa baridi, naye ataitoa.

Mwaka ule umeme wa mji ulikatika karibu kila mchana. Barafu iliyeyuka kabla ya alasiri, tukawa tunarudisha watoto na mabakuli yao makavu. Baba hakuweza kuvumilia. Alisikia kwamba shamba moja la mkonge upande wa Mingoyo linauza vifaa vyake vya zamani, akaenda huko na Fundi Makungu, Mmwera mpole aliyewahi kuhudumia mashine za shamba hilohilo. Walioneshwa jenereta mbili. Moja ilikuwa ya dizeli, nzito, ya kubebwa na watu sita. Ya pili ilikuwa ndogo ya petroli, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Nilisimuliwa mara nyingi maneno yao ya siku ile.

"Chukua ya dizeli, Maalimu," fundi alisema. "Ukiiwasha leo, wajukuu zako ndio watakaoizima."

"Na nyumba itakuwa imekwisha kuanguka kwa mtikisiko," Baba akamjibu. "Nipe hiyo ndogo."

Ndogo ikaja kwa lori, na ilipofika ikakataa kuwaka. Fundi alivuta kamba mpaka kanzu ikamganda mgongoni, naye amefunga. Kisha akaimimina petroli kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie, akatuonesha maji yaliyojitenga chini. Akakausha tangi, akasugua plagi kwa msasa, akafungua kabureta na kuipuliza kwa mdomo. Siku ya tatu mashine ikaunguruma. Fundi akafunga swichi ya kugeuzia ukutani, upande mmoja umeme wa mji, upande wa pili wa kwetu, na Baba akasujudu palepale uani kumshukuru Mola.

Lililobaki ni mahali pa kuiweka. Fundi alitaka ikae mwisho wa ua, chini ya kipande cha bati. Baba akakataa. Majirani wamefunga, alisema, mchana wanajipumzisha, na si uungwana kuwatibulia usingizi kwa kelele za mashine yake. Akachagua stoo, iliyopakana na chumba cha Mama. Mama alikuwa amemzaa mdogo wangu Idrisa siku chache tu zilizopita, akawa ndani ya arobaini yake, madirisha yamefungwa asipigwe na upepo, na chetezo cha udi hakikuzimika. Fundi aliuliza habari ya moshi. Wakatoboa ukuta wa nje, wakapitisha bomba, wakaziba maungio kwa udongo. Dirisha la stoo wakalishindilia magunia, kelele zisitoke.

Mashine ikafanya kazi nusu saa, ikakohoa, ikazima. Fundi akasugua plagi tena. Ikawaka, ikazima. Alifungua kabureta hadi mimi mwenyewe nikaijua kila skrubu yake. Siku ya pili alichutama mbele yake, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Maalimu, mashine hii haiumwi," alisema. "Inakosa pumzi. Tuondoe magunia dirishani."

"Na majirani?"

Wakashauriana, wakapata njia waliyoiona nzuri kwa wote. Walitoa matofali matatu katika ukuta wa kati, ule wa chumba cha Mama, ili mashine ivute hewa kutoka ndani ya nyumba. Mama alipoulizwa juu ya kelele alisema atavumilia, kwani thawabu ya maji yale ni yake pia. Bibi, mamake Baba, akatundika kanga mbele ya tundu. Tangu hapo mashine haikuzima tena. Nilipiga makofi nilipoiona barafu. Tulichukua pumzi ya mama yangu tukaipa mashine, nami nikapiga makofi.

Kwa siku mbili nyumba nzima iliumwa kichwa. Hakuna aliyeshangaa. Katika Ramadhani, kichwa kikiuma ni saumu, macho yakiwa mazito ni saumu, magoti yakilegea ni saumu. Baba alisema tuvumilie, malipo yetu yako kwa Mungu. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, nilimpelekea Mama uji, kwa kuwa mzazi hafungi. Bibi alikuwa amekaa mkekani mlangoni, anasinzia. Nilimwita Mama. Nikamtikisa bega. Mkono wake ulianguka pembeni ya kitanda kama nguo iliyoloa.

"Bibi, Mama haamki."

"Mwache, mke mwenzangu," Bibi alisema bila kufumbua macho. Ndivyo alivyozoea kunitania. "Saumu hiyo."

"Mama hafungi, Bibi."

"Basi amechoka. Kunyonyesha si mchezo. Utayaona."

Nikamtazama Idrisa. Alikuwa amejilaza kando ya titi bila kulishika, mashavu yamemwiva wekundu ambao sikuwahi kuuona kwa mtoto wetu yeyote. Nikamgusa midomo kwa kidole, naye hakunyonya.

"Na mtoto naye amefunga?"

Bibi akafumbua macho. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Alijaribu kusimama, magoti yakamwangusha, akatambaa hadi dirishani, akalipiga komeo kwa kiganja mpaka likafunguka, huku akimwita mwanawe kwa jina lake alilompa utotoni. Baba aliacha darsa. Alimbeba Mama mikononi, mbele ya wanaume wa watu, kichwa wazi, akamlaza uani juani. Fundi aliyekuwa barazani akakimbilia stoo na kuzima mashine. Hapo ndipo niliposikia kimya, na ndani ya kimya hicho hakukuwa na kilio cha mtoto. Bibi alimgeuza Idrisa, akampuliza usoni, akamchapa nyayo. Sijui muda gani ulipita. Baba alikuwa anasoma jambo, na midomo yake haikutoa sauti. Kisha Idrisa akakohoa kama mashine ile ilivyokuwa ikikohoa, akalia. Mama alitapika, akauliza kwa nini yuko nje bila mtandio.

Fundi alituonesha udongo wa maungio. Ulikuwa umekauka kwa joto na kupasuka pande zote, na moshi ukavuja stoo, ukaingia chumbani kupitia tundu la matofali matatu. Udi ulikuwa umetuficha harufu yake. Baba alikaa chini vumbini. "Nilikuwa natafuta thawabu," alisema.

Kesho yake alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi ya kelele, maana mashine sasa inahamia mwisho wa ua. Jirani wa kwanza alicheka. "Unguruma tu, Maalimu. Mimi sala ya alasiri hunipita kila siku kwa usingizi." Hakuna hata mmoja aliyekataa. Tulikuwa hatujawauliza.

Sasa naishi Nangurukuru. Mwaka jana Idrisa, mzee mwenye wajukuu, aliniletea jenereta ya kuwashwa kwa kitufe, isiyohitaji kuvutwa wala kubembelezwa. Fundi kijana alitaka kuiweka barazani chini ya dirisha langu, wezi wasiichukue. "Hizi za kisasa, Bibi, moshi wake hauonekani," alinihakikishia. Nikamtazama Idrisa, nikamuuliza kama anaikumbuka saumu yake ya kwanza. Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akainama, akashika mpini mmoja wa mashine, akamwambia kijana ashike wa pili, wakaipeleka mbali, nyuma ya mipapai.

Namshukuru Mungu kwa mengi, na kwa hili kila siku. Hata hivyo, Idrisa akija kwangu na kulala mchana wa Ramadhani, humwendea na kumtikisa bega mpaka afumbue macho. Hununa sana. Namwambia anune tu.