Fani na Witi

Mama Pasi alikuwa na gere, na tuseme hivyo mapema asije mtu akamtetea bure. Miaka ishirini na miwili alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni, na miaka kumi na tisa ya mwanzo kicheko cha chumba kile kilikuwa chake peke yake. Alikuwa akichukua suruali ya mgeni mnene, anaivaa juu ya gauni lake, anatembea kama mwenyewe anavyoshuka ngazi, tumbo mbele, mkono kiunoni, mpaka wafuaji wanakaa chini kwenye maji ya sabuni. Mashati aliyagombeza. "Wewe kola, jana nimekunyoosha, leo umejikunja tena. Umelala na nani?" Watu mbavu hawana.

Ndipo akaja Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke mwembamba wa kushona vifungo na pindo, akawekwa na cherehani yake karibu na dirisha. Haongei. Asubuhi nzima ameinamia sindano, halafu anadondosha neno moja tu. Siku moja Msimamizi aliingia na suruali iliyopasuka makalioni, akauliza, "Hii nayo imekuwaje?"

Fundi, bila kuinua uso, akasema, "Imechoka kutunza siri."

Basi! Walicheka kuanzia saa nne mpaka muda wa chakula. Mama Pasi alicheka nao, meno nje, roho inamuuma. Jioni alimsimulia mumewe kana kwamba neno ni lake. Mzee akacheka hadi akakohoa. Miaka thelathini ya ndoa hajawahi kumchekea hivyo! Mama Pasi akanuna, akampakulia chakula kidogo.

Mwaka huo chumba namba tisa alikaa mgeni mwanamke, miezi mitatu, akiandika kitabu chake. Akichoka kuandika hushuka kunywa chai na wanawake wa kufulia, akiongea nao Kiswahili cha kuokoteza. Siku ya kuondoka aliacha bahasha mbili, moja imeandikwa juu Mama Pasi, moja Fundi, na ndani ya kila bahasha kadi isiyo na jina, yenye maneno machache ya Kiingereza.

Msimamizi akavaa miwani, akasoma. "Mama Pasi, asante, wewe ni funny. Fundi, asante, wewe ni witty."

"Ndiyo nini?" akauliza Mama Pasi.

"Yote ni ucheshi tu. Nyinyi wacheshi. Jumatatu bosi mkubwa anakuja, nitazibandika mapokezi pamoja na picha zenu, kila mtu na yake." Akaziweka bahasha kwenye rafu ya sabuni.

Mama Pasi alisikia "fani", akafurahi kupita kiasi. Fani ni ufundi wa mtu, jambo alilobobea, nani asiyejua? Kumbe mgeni kaona nani mwenye kazi yake! Akamtazama Fundi kwa huruma. Lakini huruma yenyewe haikumaliza saa. Kama yote ni ucheshi, mbona mgeni hakuandika neno moja mara mbili? Wino ulimwishia? Akazishusha kadi, akazilinganisha herufi kwa kidole, maana kusoma kwake alijifunzia kwenye lebo za nguo. Tano huku, tano kule. Katikati pacha wawili, mwisho mkia ule ule.

"Hawa wamevaa sare," alisema, "lakini kazi si moja."

Akitoka kazini akapitia kwa mke wa mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi.

"Fani, mama, ni mtu anayekuchekesha," yule binti alimweleza. "Akifanya sura, akiiga mwendo wa mtu, unacheka. Tena wanalitumia kwa kitu cha ajabu ajabu. Maziwa yakitaka kuharibika, wanasema yana harufu fani."

"Maziwa?"

"Ni mfano tu, mama."

"Na witi?"

"Ah, witi ni akili hiyo. Mtu anajibu papo hapo, kwa neno la kuchagua. Unacheka, halafu unasema moyoni, huyu ana kichwa."

Mama Pasi hakuigusa chai aliyowekewa. Kwa hiyo yeye ni maziwa, Fundi ana kichwa! Na Jumatatu kadi zitabandikwa ukutani, chini ya picha yake, kila apitaye asome.

Jumamosi, wenzake walipokwenda kula, alibaki nyuma. Akatoa kadi hii akaitia bahasha ile, ile akaitia hii. Hakuona haya hata kidogo.

Tangu hapo akaanza kuishi kama mtu wa witi. Akanyamaza. Akainamia pasi kama Fundi anavyoinamia sindano, akingoja neno lije lenyewe. Mfuaji mmoja akamletea shati lililong'oka mkono. "Mama Pasi, hebu mwone huyu!" Wote wakageuka, wamejiandaa kucheka. Mama Pasi akafikiri, akafikiri, mpaka kitambaa kikaanza kunuka moto.

"Lina mkono mmoja," akasema.

"Shoga, unaumwa?"

Jumatatu wakaitwa mapokezi. Bosi yupo, wageni wapo na mizigo yao. Msimamizi akabandika, akasoma kwa sauti: Mama Pasi, witty. Fundi, funny.

"Si ulisema kinyume?" Fundi aliuliza.

"Bahasha haisemi uongo, dada."

Fundi akaisogelea kadi, akaipangusa kwa kiganja. "Nilimuuliza mpwa wangu maneno yote mawili," alisema polepole. "Nikajua fani kapewa Mama Pasi, nikamwonea wivu. Mimi nikisema neno, watu wanatazamana kwanza waone nimemchoma nani. Watoto wa dada yangu wananiamkia wakiwa mlangoni, tayari kukimbia. Mama Pasi akiingia mahali, watoto wanacheka kabla hajavua viatu." Akatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Kumbe na mimi."

Mama Pasi alimtazama, na wivu wake ukageuka ndani nje kama shati. Neno lake limekaa chini ya sura ya mwanamke mwingine, na limempendeza!

"Bandua!" alipiga kelele. "Hiyo yangu!"

"Mama Pasi, mbele ya wageni..." Msimamizi alianza.

"Wageni wasikie! Bahasha nilizifungua mimi, kadi nikazibadilisha, Jumamosi, kwa mikono yangu. Nirudishieni fani yangu!"

Bosi akamtazama Msimamizi, Msimamizi akatazama viatu vyake. Fundi akamwangalia Mama Pasi toka juu mpaka chini, bila hasira.

"Yaani umeniibia akili," akasema, "ukakaa nayo siku mbili, ukashindwa kuitumia?"

Bosi alilazimika kushika meza. Mgeni mmoja akaangusha begi. Wafuaji walishikana mabega, na Mama Pasi naye, pamoja na kujikaza kwake kote, kicheko kikamtoka, kikaja na machozi. Fundi akazibandua kadi, akazihamisha mwenyewe, kila moja kwa mwenyewe.

Na hapo hapo, machozi hayajakauka, gere likampanda tena Mama Pasi. Kosa kalifanya yeye, aibu kaila yeye, halafu neno tamu kama lile kalisema Fundi.