Jini Mwenye Kofia Kwenye Picha ya Biharusi

Jamani, mimi nishawahi kupiga picha ya jini. Tena mchana kweupe, hapa hapa Bagamoyo, katikati ya akina mama arobaini.

Naitwa Swaumu. Napiga picha za harusi, upande wa wanawake. Kwenye shughuli zetu za hina simu zinaachwa mlangoni, maana biharusi yuko kichwa wazi na hakuna anayetaka kumkuta kesho kwenye magrupu ya WhatsApp.

Ndiyo maana naitwa mimi na kamera yangu ya zamani ya mkanda. Nasafisha mwenyewe, nachapa mwenyewe, bafuni kwangu, mlango nimefunga.

Na nilikuwa na mdomo, aisee. "Mimi sikosei," ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja.

Basi, Amal alikuwa anaolewa na Mazin siku ya Ijumaa. Jumanne tukampaka hina. Jumatano mama mkwe wake, Bi Nawal, akaja kuchukua picha. Alikaa kidogo tu, akajisifia mumewe, Mzee Muhanna.

"Tangu daktari amwambie ana sukari, huu mwezi wa sita sasa, mzee wangu hagusi kitamu."

Akabeba bahasha, akaenda zake. Nilizichapa usiku mbiombio, hata kuzikagua zile picha sikuwahi.

Haikupita saa, simu ikalia.

"Swaumu, umemtia nani kwenye picha ya mkwe wangu?"

"Shikamoo, Bi Nawal. Nani tena?"

"Marahaba. Njoo ujionee."

Nikaenda mbio. Amal amekaa, ameinua mkono wenye hina. Na ubavuni kwake, kama moshi, mwanamume mwenye kofia, nusu uso, mdomo wazi, anamla kiganja!

Nikaichukua ile picha, nikaisogeza machoni.

Halafu nikaelewa. Jumatatu kamera ilitoka kwa fundi. Nikatia mkanda, nikapita mtaani kuijaribu, picha sita tu. Nikaurudisha mkanda kwenye kopo lake, nikaacha ulimi wake, ile ncha ya mwanzo, nje, kwa sababu ukiingia wote kuutoa ni kazi. Kawaida naukunja ncha ule ulimi, nijue umeshatumika.

Siku hiyo sikukunja. Jumanne nikautia tena nikidhani ni mpya, picha za hina zikalalia picha za mtaani; nyingine zilitoka kama ukungu tu, ile moja ndiyo ikatoka na mtu. Hakuna jini wala nini.

Nikasema? Thubutu! Si mimi ndiye nisiyekosea?

"Labda ni mwanga," nikajibu, nikaondoka. Nilijichukia njia nzima.

Alhamisi asubuhi kikanuka. Bi Nawal alikuwa amemwonyesha mumewe ile picha, huku amemfunika Amal kwa kidole gumba ili mzee amwone jini peke yake. Mzee Muhanna akapiga ukelele.

"Hilo ni jini mahaba! Ichomeni picha hiyo leo leo!"

Ndoa ikasimamishwa mpaka Amal asomewe. Akanipigia analia, maneno yanamkwama.

"Da Swaumu, wanasema nina mume wa kijini. Nimekosa nini mimi?"

Hapo roho ilinisuta kweli. Mtoto wa watu anaharibikiwa harusi kwa ajili ya sifa zangu za kijinga. Nikavaa baibui, nikaenda kwa Bi Nawal.

Nikawakuta sebuleni, mzee na mkewe. Picha iko mezani, imefunikwa kwa kitambaa upande wa Amal, na kiberiti pembeni.

"Shikamooni. Hilo si jini. Nimekosea mimi, mkanda mmoja nimeupiga mara mbili."

"Muongo!" Mzee akaruka. "Anamtetea jini! Choma!"

"Mbona una haraka hivyo, Baba Mazin?" Bi Nawal akauliza.

"Haraka gani? Mimi namwonea huruma binti wa watu."

Nikamwonyesha Bi Nawal kwa kidole. "Huyu ni mtu tu wa mtaani. Hali kiganja, anakula halua pale dukani karibu na soko. Wala hakuniona nikimpiga picha."

Mzee akashikwa na kikohozi.

Bi Nawal akavaa miwani. Akaivuta picha karibu na dirisha, akaiangalia weee, kisha akaweka kucha juu ya ile kofia.

"Kofia hii nimeishona mimi. Ua hili la ubavuni nililipindua juu chini, nikaona uvivu kulifumua."

Sote wawili tukageuka kumtazama Mzee Muhanna kichwani.

Mzee akaivua kofia taratibu, akaikalia.

Wallahi sijawahi kuona mtu mzima akisinyaa vile. Kumbe aliijua sura yake tangu alipoonyeshwa ile picha, ndiyo maana alitaka moto haraka. Bi Nawal hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Miezi sita nakunywa uji usio na sukari ili usijisikie mpweke." Mzee akainamisha kichwa, na mimi nikaona aibu kuwepo.

Ijumaa ndoa ikafungwa. Mzee mwenyewe alikwenda kumwomba Amal radhi, na Amal alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Picha ile ameitundika chumbani kwake.

Nililojifunza ni hili: ukikosea, sema siku ile ile. Mimi na Mzee Muhanna tuliogopa aibu ya dakika tano, tukamliza binti asiye na kosa.

Siku hizi kila mkanda naukunja ulimi. Na kila Jumatatu Bi Nawal ananituma nipite na kamera yangu pale kwenye duka la halua.