Nguzo za Pangoni na Shimo la Mutoshi

Mapacha wangu wawili ndio walionipeleka safari hii. Mbuyi, binti yangu anayefanya biashara Mumbai, aliniita nikapumzike kwake. Kabanga, ndugu yake, ni mchimbaji wa madini huko Mutoshi. Kabla sijaondoka alinitaka niombee shimo lao. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Dilala. Wachimbaji huniita niombe kwenye mdomo wa shimo kabla ya kazi mpya. Na kazi mpya ya Kabanga ilikuwa kukata nguzo ya mwamba iliyoachwa chini kushikilia dari.

"Tata, mule mu nguzo ndimo muko mali mingi," alisema. "Tutakata kidogo tu."

"Ngojea mi nirudie kwanza," nilimjibu.

Asubuhi ya kuondoka, mke wangu alinishika mkono, akaniita kwa jina la baba wa mapacha. "Tata Shambuyi, usipige magoti kwa miungu ya watu." Nikaahidi. Barabara ikanifikisha Lubumbashi, ndege ikanivusha bahari, na kwa neema ya Mungu nikamkuta Mbuyi akiningoja, amenenepa.

Siku chache baadaye alinipeleka kwa mashua hadi kisiwa chenye hekalu la kale la Wahindu. Tulipanda ngazi ndefu kati ya wauza shanga, huku nyani wakitazama mifuko yetu. Juu, mlima ulikuwa umefunguka. Ndani mlikuwa na giza la baridi, safu za nguzo nene, na ukutani sura tatu kubwa za mungu wao katika kichwa kimoja. Ile ya katikati ilifumba macho, imetulia kabisa. Sikupiga magoti. Nilivua kofia, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe.

Kisha mkono ukafanya ulichozoea. Nilifanya kazi mgodini hadi kustaafu, na sisi hatukai chini ya mwamba bila kuugonga: ukilia kwa uzito, ni mzima, ukilia kama ngoma, kimbia. Nikagonga nguzo kwa fimbo yangu. Mlinzi akaja mbio akipiga kelele.

Mbuyi alimweleza, akinicheka. "Tata, umeleta Mutoshi mpaka huku!"

Mlinzi naye akacheka. Mbuyi akanitafsiria: "Anasema mlima huu umesimama zaidi ya miaka elfu bila kungojea fimbo yako."

"Muulize, nguzo hizi zilijengwaje?"

"Hazikujengwa. Walichonga mlima, wakatoa mawe, wakaziacha."

"Hawakutamani na hayo mawe waliyoyaacha?"

Mlinzi alitazama dari. "Wangeyatamani, tusingekuwa na mahali pa kusimama."

Niliweka kiganja juu ya jiwe, kwa ruhusa yake. Hapo nikajua la kumwambia Kabanga: kuacha nako ni kazi.

Niliporudi, nilikwenda Mutoshi kabla hata ya kufungua mzigo. Wachimbaji walikuwa wamekusanyika. "Tata amerudia na mungu wa Bahindi!" mmoja akanitania.

"Nimerudi na Mungu wangu," nilisema. "Kabanga, mi naomba, lakini nguzo inabaki. Mukiikata, mutaniita tena kuombea maiti. Sitaki maiti hiyo ikuwe yako."

Alikasirika. Alichukua nondo, akashuka, nasi tukangoja juu. Nikasikia akigonga nguzo: mlio mzito, wa jiwe zima linaloshikilia dari. Kisha sauti yake ikapanda.

"Tata! Tunaiachia. Omba sasa."

Nikavua kofia.