Chakula Tulichokwisha Kulipia

Mwanangu alikuwa na miaka tisa alipokuja Guangzhou, Uchina, kwa mara ya kwanza, na katika miaka hiyo tisa, ile niliyoishi naye nyumba moja haifiki nusu. Amelelewa na mama yangu Unguja. Mimi niko huku, nanunua mikoba katika soko la Shiling, nawapakilia wateja wa Dar na wa nyumbani, narudi mara moja kwa mwaka nikiwa na zawadi ambazo kila mara huwa zimeshambana au zimempita.

Walikuja wote wawili, bibi na mjukuu, likizo ya Juni, wiki tatu. Mbili za mwanzo ziliniponyoka. Mteja mmoja alibadilisha rangi ya mzigo mzima, ikabidi niende Shiling na kurudi kila siku kugombana na fundi, na wao wakakaa chumbani kwangu mtaa wa Xiaobei wakitazama katuni zisizofahamika. Jioni nikirudi, mtoto ananiuliza, "Kesho utakuwepo?" Mwishowe nikamwahidi siku moja nzima. Nitampeleka kwenye bustani kubwa ya kusini mwa mji, ile yenye wanyama na mabembea makubwa, akaone panda kwa macho yake.

Tiketi nilizitafuta kwa dada mmoja Mkenya aliye na meza ghorofa ya tatu katika jengo tunalopakilia mizigo. Anauza tiketi za ndege, za treni, na chochote kinachouzika kwa simu. Nilimwambia nataka tiketi tatu, basi.

"Na chakula je?" akaniuliza. "Sister, huko ndani chakula ni bei mbaya. Kuna hii combo, unalipa mara moja: lunch, kitu kidogo cha mchana, na dinner. Unascan tu, unakula. Hakuna stress."

"Mama yangu hali nyama isiyo halali. Na ana sukari, lazima ale kwa wakati."

"Kuna ya Waislamu pia ndani. Nimeshapeleka watu, hawakulalamika. Halafu hawakubali uingie na chakula cha nje, wameandika hapa." Akanionyesha simu. Maandishi yalikuwa ya Kichina, na mimi Kichina changu ni cha sokoni. Najua bei, najua rangi, najua kukataa na kukataliwa.

Nilirudi nyumbani nikawaza kutwa. Mimi nikishika mkoba najua ndani ya dakika moja kama ngozi ni ngozi au ni plastiki. Nageuza bitana, navuta uzi, nanusa gundi. Lakini hiki kifurushi cha chakula hakikuwa na bitana ya kugeuza. Bei yake ilikuwa karibu sawa na tiketi zenyewe. Mama yangu anakula kama ndege. Mtoto anachagua: yai sawa, viazi sawa, kitu kingine mpaka umbembeleze. Ukipima hivyo, ni hasara tupu. Lakini nilikuwa na hesabu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja tu mwanangu asinione nikiuliza bei. Kila alipotoka nami hapa aliniona napatana, naondoka, naitwa, narudi. Nilitaka akitamani kitu, nitoe simu, tupewe, tukae mezani kama watu.

Mama alikuwa jikoni anakaanga katlesi. Nilipomweleza, hakugeuka.

"Hicho chakula anapika nani?"

"Wapishi wa hukohuko, mama. Kipo cha Waislamu."

"Umekiona?"

"Nimeambiwa."

"Mimi n'tachukua hotipoti yangu. Katlesi, chapati, na ndizi. Tutakaa pahala tutakula."

"Hawaruhusu. Watavitoa getini, itakuwa aibu."

Akazima jiko. "Haya. Pesa ni zako." Maneno hayo yakanichoma kuliko kama angenikatalia, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nikalipia usiku uleule. Pale chini ya ukurasa palikuwa na neno jekundu. Nililitafsiri kwa simu: hairudishwi.

Asubuhi tukapanda metro, karibu saa nzima. Mtoto alikuwa amevaa kofia mpya na hakuacha kuongea. Getini palikuwa na mlolongo wa watu, joto lile la Juni linalokaa mwilini kama blanketi bichi. Mbele yetu familia moja ilikuwa na mfuko mzima wa vyakula: mayai, mikate, tikiti maji lililokatwakatwa, na sufuria ndogo ya umeme ya mtoto mchanga. Mlinzi akafungua zipu, akatazama, akafunga, akawapungia mkono wapite. Nyuma yao wengine, vilevile. Mama yangu alitazama yote hayo, kisha akanitazama mimi. Ningefurahi angenisuta.

Tulizunguka. Tuliona twiga, mtoto akacheka kwamba amesafiri mbali hivi kuja kuona twiga. Ilipokaribia saa saba mama akasema anahisi mikono inaanza kutetemeka, na vidonge vyake havinywewi tumbo tupu. Nikasema, "Twende, chakula chetu kipo," kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa na picha ukutani: wali na mbavu za nguruwe, wali na soseji, wali na paja la kuku. Nikamuuliza binti wa kaunta kwa lile neno ambalo kila Mwislamu wa mji huu hulijua kabla ya mengine yote: "Qingzhen?" Halali? Akatikisa kichwa. "Meiyou." Hakuna. Akanionyesha kwenye ramani pahala pengine, ng'ambo kabisa, nyuma ya mabembea ya maji.

Tulitembea. Mama alikuwa anashika uzio. Tulipofika, nikaona kibao cha kijani, na nyuma ya kaunta mwanamume mtu mzima mwenye kofia nyeupe akiwavutia watu tambi za supu ya ng'ombe kwa mikono. Alipomwona mama na mtandio wake akasema, "Salaam aleikum," na mama akaitika kwa furaha kana kwamba amekutana na mtu wa Malindi, kwetu Unguja. Nilitaka kulia kwa kufarijika. Nikatoa simu, nikascan kifurushi changu.

Mashine ikalia mlio mbaya. Akajaribu tena. Mlio uleule. Akasema jambo refu, nikaweka simu itafsiri, nayo ikaandika: *Kifurushi chako hakina uhusiano na tambi hizi.*

Nikamwonyesha picha ya risiti. Nikamwonyesha neno la chakula cha mchana. Akaonyesha ukuta wake, akaonyesha mbali, kuwa duka lake ni jingine, limekodi tu pale. Kisha akaonyesha mraba wa kuscan malipo wa kaunta yake na bakuli. Yaani lipia, ule. Bakuli tatu. Si pesa ya kumliza mtu kama mimi, ninayemwaga nyingi zaidi ya hizo kwa wapagazi wa barabara ya Guangyuan Xilu kila wiki.

Hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Nilikataa.

"Tumeshalipia chakula," nikamwambia mama. "Siwezi kulipia mara mbili. Kaeni hapa kwenye benchi, naenda ofisini kwao, lazima wanirekebishie."

"Mwanangu, lipa tu tule."

"Mama, si haki! Tumelipia!"

"Mimi nasikia njaa," mtoto akasema.

"Dakika kumi," nikamwambia.

Ofisi ya huduma ilikuwa karibu na geti. Mlolongo. Njiani nikampigia yule dada Mkenya, hakupokea. Nikamtumia sauti ya hasira, nikaifuta, nikatuma nyingine mbaya zaidi. Akajibu baadaye: "Sister pole, mimi niliambiwa iko. Jaribu kuongea nao vizuri." Niliongea nao vizuri. Niliongea nao vibaya. Kijana wa dirishani alinitabasamia muda wote, akawa anarudia neno moja, "Bu xing," haiwezekani, kwa upole uleule ninaotumia mimi kuwakatalia wanaotaka mkopo. Mwishowe akaita mkubwa wake, mkubwa akatazama simu yangu, akanipa kuponi tatu za kitafunio. Nikatoka nazo kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipotazama saa, dakika kumi zilikuwa zimekuwa saa moja na nusu.

Benchi lilikuwa tupu.

Mama hana laini ya huku, simu yake hutumia mtandao wa nyumbani kwangu. Nilizunguka lile eneo nikiita jina la mwanangu mpaka watu wakanipisha. Mwanamke mweusi anapiga kelele, wengine wakatoa simu kunipiga picha. Nikamfikiria mama ameanguka mahali, mtoto amesimama pembeni hajui kusema hata neno moja la watu hawa. Yule mwenye kofia nyeupe aliponiona akatoka kaunta, akanionyesha kwa vidole: walikula, wawili, bakuli tupu hizi hapa. Nikataka kumlipa. Akafunika ule mraba wa malipo kwa kiganja, akatikisa kichwa. Kisha akaweka mikono yake kwenye macho akayazungushia duara. Panda.

Niliwakuta wanarudi, taratibu, wameshikana mikono. Mama amepata rangi yake. Mtoto anaruka.

"Mlikwenda wapi? Si niliwaambia mkae!"

"Tulikaa," mama akasema. "Yule bwana akatuita, akatulisha. Nikanywa dawa. Mtoto akaniuliza mara tano mama yuko wapi, nikaona bora nimpeleke akaone hao wanyama kuliko kukaa kutazama njia."

Nikawapa kuponi. Zilikuwa za aiskrimu tu, na mama haruhusiwi aiskrimu. Mtoto alikula ya kwake na ya bibi yake akaumwa tumbo. Ya tatu niliila mimi, nimesimama, nikisoma tena masharti kwenye simu kutafuta chakula cha jioni kinapatikana wapi na saa ngapi. Kuanzia saa kumi na moja. Ilikuwa saa tisa na nusu, na mawingu yalishaanza kujaa.

"Twende nyumbani," mama akasema. "Miguu imenijaa."

"Bado chakula cha jioni. Tukiondoka sasa kifurushi chote kimekufa."

"Si kimekwisha kufa?"

Mvua ikanyesha, ile ya Guangzhou isiyo na mwanzo, inashuka tu. Mabembea yakasimamishwa. Tukajibanza chini ya paa la duka la wanasesere, mama amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mtoto ameegemea magoti yake. Nilikuwa na mwanangu saa nzima na nusu chini ya paa lile, hana pa kwenda, nami sina mzigo wa kukimbilia. Nilikuwa naandika malalamiko. Niliandika kwa Kiswahili, simu ikageuza Kichina, nikageuza tena Kiswahili kuona kama hasira imebaki, nikasahihisha, nikatuma. Hawajanijibu hadi leo.

Saa kumi na moja tukaenda kule mkahawa wa kwanza. Mashine ikakubali kwa mlio mzuri. Safari hii niliomba visivyo na nyama: mayai na nyanya juu ya wali, na viazi vya kukaanga. Mama alitafuna vijiko viwili akasema chumvi imezidi. Mtoto alikula viazi. Mimi nilikula sahani yangu yote na nusu ya ya mama, bila njaa, mpaka nikawa napumua kwa shida. Niliapa sitaacha hata punje.

Waliondoka siku tano baadaye. Kabla ya hapo, asubuhi moja, nilikuwa sakafuni nafunga mikoba ya sampuli, mtoto yuko kitandani anawarekodia binamu zake wa Unguja sauti kwenye simu ya bibi. Alisimulia siku ile yote. Twiga wa Uchina. Bwana anayevuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi. Panda mmoja aliyelala chali anakuna tumbo, na mwingine aliyemnyang'anya mwenzake mwanzi akakimbia nao, watu wote wakacheka. Mvua kubwa, na bibi kukaa juu ya ndoo. "Mimi na bibi tuliona hiki, mimi na bibi tulikula kile." Alizungumza dakika nne, tano. Kifurushi hakukitaja. Nami hakunitaja.

Nikasubiri amalize. "Hiyo ya panda kunyang'anyana mwanzi hukunihadithia," nikamwambia, nikijaribu kucheka.

Akanitazama kwa mshangao kabisa, bila ubaya. "Nilikuhadithia, mama. Wakati wa mvua. Ulikuwa unaandika kwenye simu."

"Basi nihadithie tena."

"Baadaye," akasema. Katuni ilikuwa imeanza.