Niite Dada Tu

Aibu hii niliificha hata kwa mama yangu mzazi, na ninaisema leo kwa sababu mume wangu ameanza kuisimulia yeye mwenyewe kwenye harusi za watu, tena anaongeza chumvi, kwa hiyo bora mwenye aibu nieleze ilivyokuwa.

Tulitoka Tanga kwenda Jeddah kumchukua Najma. Najma ni mtoto wa marehemu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu Mbaraka, aliyekuwa karani pale Bandari ya Jeddah. Yeye na mkewe walifariki kwa ajali ya gari mtoto bado ananyonya, akabaki mikononi mwa jirani yao wa Ruwais, bibi mmoja wa Kiarabu, aliyemlea mpaka miguu yake mwenyewe ikaanza kumgomea, ndipo akatuita. Mimi na Mbaraka hatukujaaliwa mtoto. Kwa hiyo mnielewe, sikupanda ndege ile kwenda kutalii, nilikwenda kutafuta wa kuniita mama, na ofisi ya watoto ya kule ilishatuambia wazi kwamba mtoto wa kike hapewi mwanamume asiye na mke, lazima mama aonekane.

Hapo ndipo nilipojitia hekima. Mtoto ana miaka mitano, hajui Kiswahili hata neno, nikasema moyoni nisimlazimishe kuniita mama, atasema mwenyewe siku akiridhika, kwa sasa nimpe neno dogo la kuanzia. Siku ya kwanza tulipokutana nikajigusa kifua nikamwambia, "Dada. Niite dada tu." (Na sitaficha, kwa mwanamke anayekaribia arobaini, kuitwa dada kunapunguza miaka.) Najma akanitazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa kukubali, akavua begi lake la mgongoni akanikabidhi. Mimi nikaona mapenzi yameanza.

Tukaenda naye Riyadh, maana kulikuwa na karatasi za ubalozini za kusubiri, na katika kusubiri tukatembea. Teksi inaendeshwa na mwanamke (Saudia ilikuwa imeshafunguka wakati huo, ila Mbaraka alishikilia mlango safari nzima), tukalitazama lile jengo refu lenye tundu juu, tukaingia madukani, na kila mahali ni dada, dada, mara ananinyooshea kiatu nimfunge kamba, mara ananipa ganda la ndizi, mara kikopo cha juisi kitupu. Mgahawani alikaa na Mbaraka, mimi akanionyesha kwa kidole meza ya pili, walipokaa wanawake wa Kifilipino wanalisha watoto wa watu, nikadhani ananionyesha watoto wenzake, nikawapungia mkono. Na kila jioni aliniuliza kitu kirefu chenye neno mama ndani yake, macho yake yakiwa mlangoni, nami nikijua anamlilia marehemu, nampapasa kichwa namwambia, "Inshallah, inshallah."

Kwenye duka moja la nguo akanivuta mpaka kwenye safu ya magauni ya bluu, yote yanafanana, kola nyeupe, mifuko miwili mikubwa mbele, akatoa moja akalipima mwilini kwangu. Jamani, nililia pale pale. Mtoto ndiyo kwanza ananijua, ananichagulia gauni.

"Mbona kama la nesi?" Mbaraka akaniuliza.

"Wivu huo," nikamwambia. "Wewe hujachaguliwa hata soksi."

Nikaapa kulivaa siku ya ofisi, na nikalivaa. Tumerudi Jeddah, tumeingia kwa afisa, mwanamke mmoja mpole, mkalimani wetu amechelewa, nami nikavua buibui ili gauni lionekane vizuri. Afisa akamwuliza Najma kitu huku ananitazama, Najma akajibu kwa fahari, "Dada." Afisa akanitabasamia, akanionyesha mlango. Nikatoka na mkoba wangu begani, wenye pasipoti yangu na cheti chetu cha ndoa, nikidhani ndiyo utaratibu, baba anahojiwa kwanza.

Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wamekaa wanawake watatu, wote, haki ya Mungu, wamevaa gauni langu. Mmoja, Mkenya, akasogea kunipisha.

"Karibu, sista. Wewe unafanya kazi kwa nani?"

"Sifanyi kwa mtu. Nimekuja na mume wangu kuchukua mtoto."

"Na hiyo yunifomu?"

"Kanichagulia mtoto mwenyewe. Ananipenda, ananiita dada."

Akaniangalia kwa huruma. "Sista, hata mimi naitwa dada. Kwa Waarabu wa huku dada ni yaya. Kwani hukuambiwa?"

Kiatu, ganda la ndizi, meza ya pili, vyote vikanirudia kwa mpigo. Nikaingia ndani bila kubisha hodi. Mbaraka, ambaye Kiarabu chake ni yalla, halas na mafi, alikuwa ameulizwa mkewe yuko wapi, naye akidhani anaulizwa kama kuna tatizo, akajibu, "Mafi." Yaani hakuna. Faili letu lilikuwa limeshafungwa, na mkono wa Najma uko ndani ya mkono wa afisa.

Sikuwa na Kiarabu ila cha madrasa, cha kusoma, si cha kugombea mtoto. Nikaokoteza, nikasema nimesimama katikati ya chumba na mifuko yangu miwili, "Ana ummuha." Mimi ndiye mama yake. Sikuwahi kulisema neno hilo maishani mwangu.

Mkalimani, mama mmoja wa Mombasa, akaingia wakati huo anahema. Najma akamwaga maneno, afisa akajishika mdomo, mkalimani akacheka mpaka akakaa, halafu kicheko kikamkatika.

"Asema bibi wa Ruwais alimwambia mama mpya yuaja. Akaona amekuja baba na yaya. Kila jioni akuuliza mama atafika lini, nawe wamwambia inshallah."

Najma akanisogelea, akauliza jambo moja.

"Asema, kama ni wewe, mbona hukusema?"

Nikatoa cheti cha ndoa mkobani huku nalia, afisa akakisoma, akanitazama gauni, akacheka upya, akafungua faili.

Nimeapa sitajitia tena hekima kwa mtu anayenisubiri. Siku hizi Najma anajua Kiswahili kunipita, ananiita mama asubuhi mpaka jioni, niko bafuni, niko kwenye simu, niko kwenye swala. Nikishatoa salamu, naitika.